Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mwenzenu nilianza kupanga safari hii mwezi wa sita, kabla mama hajapata hata viza. Nilifungua daftari nikaandika juu kabisa: "Mama. Glen Coe. Wiki ya tatu ya Oktoba. Siku tatu." Chini yake nikaorodhesha mambo ambayo mama yangu hajawahi kufanyiwa maishani: kuletewa chai kitandani, kukandwa miguu, kukaa dirishani akitazama milima huku mtu mwingine anaosha vyombo.

Sababu naijua, bora niiseme mapema. Baba alipofariki mwaka jana, sikwenda kumzika. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na kutoka wakati ule kungekuwa na maana ya kutorudi. Nilifuatilia maziko kwenye simu, nimekaa ngazini katika ghorofa ninamoishi hapa Glasgow, picha inaganda kila baada ya muda. Kwa hiyo hii haikuwa likizo tu. Lilikuwa deni.

Oktoba niliichagua kwa hesabu. Visubi wanaowatesa watu kule milimani Uskoti kiangazi kizima, mwezi huo wameshakwisha. Majani ya miti yanakuwa manjano, kangaga za mlimani zinageuka rangi ya kutu, na kulungu dume wananguruma mabondeni wakigombea majike. Tena nilitaka twende kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa zinaporudishwa nyuma. Baada ya hapo, ikifika saa kumi na moja jioni jua limeshazama.

Nikampigia simu.

"Shikamoo mama. Nitakupeleka milimani, kipindi cha vuli."

"Marahaba mwanangu. Vuli? Kwani huko mnapanda maharage?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Kamusi zetu zimelitwisha neno vuli mzigo wa majira ya Ulaya ya majani kupukutika. Kwa mama, mtu wa Lushoto, vuli ni mvua, jembe na mbegu. Akauliza hiyo milima ina urefu gani. Nikamjibu kwa majivuno ya mwenyeji kwamba Ben Nevis, ulio karibu na hapo, ndio mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345.

"Mbona kama hapa kwetu sokoni ni juu zaidi?"

Nikaenda kutafuta. Kumbe kweli, mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Yaani ninamtoa mtu Usambara, nimlipie nauli, nikamwonyeshe kilele kilicho chini ya soko analonunulia nyanya! Nikajitetea kwamba milima ya huku inaanzia usawa wa bahari, imebaki miamba mitupu, na hali yake ya hewa hubadilika ukifumba macho. "Sawa," akasema, kwa ile sauti ya mama ambayo si sawa.

Alifika Septemba. Jioni moja nikamwonyesha picha za hoteli niliyoilipia kishika nafasi. Akavaa miwani, akapitisha picha moja moja.

"Jiko liko wapi?"

"Hakuna jiko mama. Tunapikiwa."

"Na moto?"

"Wanawasha wao."

Akanirudishia simu. Kubadilisha mazungumzo, nikaanza kumsimulia habari za lile bonde. Mwaka 1692, mwezi wa pili, kwenye baridi kali, askari wa serikali walifika Glen Coe. Watu wa ukoo wa MacDonald wakawapokea majumbani mwao, wakawalisha na kuwalaza karibu wiki mbili. Alfajiri ya tarehe 13 askari wakawageukia wenyeji wao. Waliuawa watu 38, na wengine wakafa kwa baridi wakikimbilia milimani.

Mama alinyamaza kitambo. "Wiki mbili wanalishwa," akasema, "hawajapewa hata kuni wachanje. Wazee walijua waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu ukimkalisha tu, hujui anawaza nini."

Nikamwambia wale walikuwa na amri ya wakubwa, jembe lisingesaidia. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshafika kwingine.

"Mimi baba yako alipoondoka walinikalisha. Maji naletewa, chakula naletewa. Eda nimekaa miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha bado watu wakaniambia tulia, pumzika. Sasa na wewe umenileta huku kote kunikalisha. Nimechoka kukaa, mwanangu."

Sikuwa na jibu. Deni nilikuwa nalilipa kwa sarafu ambayo mdai mwenyewe haitaki.

Hoteli nimeifuta. Kishika nafasi hakirudi, basi. Tumepata kijumba chenye jiko la chuma la kuni na banda la magogo yasiyopasuliwa. Mama alipoona shoka kwenye picha, ndipo akasema "hapo". Sina gari, kwa hiyo tutapanda basi linalopita nyika ya Rannoch na kushuka bondeni, na chakula tunabeba wenyewe.

Daftari sasa liko kwake. Kukandwa miguu kumekatwa kwa mstari mmoja. Chini ameandika kwa herufi zake kubwa: unga, maharage, tangawizi, kiberiti viwili. Siku ya kwanza, kuwasha moto. Siku ya pili, kutembea, mvua isiponyesha. Nikamwonya kwamba mvua huko hainyeshi kwa kuombwa ruhusa. Akaongeza: "na ikinyesha".

Siku ya tatu ameandika neno moja tu: Baba.

Nilimuuliza maana yake. Alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua uso. "Siku hiyo nitakusimulia maziko yote, tangu asubuhi. Yale ambayo simu haikuonyesha. Wewe kazi yako ni kusikiliza mpaka mwisho, usikimbie."

Basi letu ni Alhamisi. Kiberiti nimeshanunua.