Ufanisi wa Kipima Miale

Neno ufanisi lina heshima katika lugha yetu. Tukisema mtu ana ufanisi, twamsifu yeye mwenyewe, popote aendapo. Wenzangu wa fizikia waliponitaka shauri juu ya istilahi zao, niliona kuwa neno hili halina budi kuelezwa kabla ya kutumiwa, maana ufanisi wa kipima miale ya gama si sifa ya chombo peke yake.

Miale hutoka katika chanzo ikatawanyika pande zote, mfano wa mwanga wa kandili. Chombo hupata fungu lile tu lililoelekea kwake. Tuseme uso wa fuwele ni duara yenye kipenyo cha sentimita 5. Chanzo kikiwekwa mbele yake kwa umbali wa sentimita 10, miale kama 15 katika kila 1,000 huufikia uso huo. Kikisogezwa hata sentimita 20, hufika kama 4 tu. Chanzo ni kile kile, na chombo ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali.

Tena kufika si kunaswa. Mwale wa amerisiamu 241, wenye nishati ya kiloelektrovolti 60 hivi, ni mnyonge. Huweza kuzuiwa na ganda lililoifunika fuwele. Miale ya kobalti 60, yenye kiloelektrovolti 1,173 na 1,332, hulipita ganda bila taabu, lakini mingi huipita na fuwele pia, au huiachia sehemu tu ya nishati yake. Mnyonge hukwama mlangoni. Mwenye nguvu hutokea uani.

Basi hesabu ya chombo ni ushahidi, na kadhi hamwulizi shahidi aliona nini tu. Humwuliza pia alisimama wapi. Mwezi wa Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, chanzo cha seziamu 137 kilichoibwa katika zahanati iliyohamwa kilivunjwa, na watu 4 wakafa. Mwanafizikia aliyekwenda kupima alifungua chombo chake angali mbali. Mshale ukaruka hata mwisho kila upande alioelekeza. Alidhani chombo ni kibovu, akarudi kutwaa kingine. Chombo kilikuwa kizima. Hatari ndiyo iliyopita dhana yake.

Kwa hiyo nashauri neno ufanisi lisiandikwe katika vitabu vyetu vya sayansi pasipo wenzi wake wawili: mahali pa chanzo na nishati ya mwale. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo, siku atakapopewa kupima chuma chakavu bandarini, hataridhika na ukimya wa chombo kabla ya kujua kiliwekwa wapi, na ni miale gani kiwezayo kuinasa.