Neno Halitembei Peke Yake

Kijiweni kwetu Mburahati, ukitaka heshima ya chapchap, tema ung'eng'e. Si lazima ueleweke. Mtu akirusha "flabbergasted" moja tu katikati ya ubishi wa Simba na Yanga, ubishi umekwisha hapo hapo. Washikaji watampigia makofi, yeye atakunja kola, na hakuna atakayethubutu kumuuliza maana yake, maana anayeuliza ndiye huonekana mshamba.

Ningecheka tu na kupita, kama mchezo huo ungebaki kijiweni. Lakini umeingia mpaka madarasani. Mimi, ndugu msomaji, ni mwandishi chipukizi. Nimemaliza kidato cha nne, sikuendelea, na nina mswada wa riwaya uliojaza kaunta buku tatu ukisubiri mchapishaji. Jioni nafundisha tuisheni ya Kiingereza kwa wadogo zetu wa sekondari, barazani kwenye nyumba tunayopanga. Malipo yenyewe ni ya kununulia umeme wa luku, basi. Kila muhula ukianza ombi lao ni lile lile: "Kaka, tupe maneno magumu." Wanataka orodha. Wanaamini kwamba anayefaulu ni yule aliyekariri maneno marefu kuliko wenzake.

Nami nawaambia kwamba maneno yanayowaangusha hayamo kwenye orodha hiyo. Nitatoa mfano ili nisionekane nabwabwaja.

Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha tatu alinijia na karatasi ya jaribio la historia, imejaa wino mwekundu. Swali lilisema: "Account for the failure of the Maji Maji uprising." Binti alikuwa ameandika kurasa mbili na nusu. Kinjekitile wa Ngarambe alikuwamo, maji ya dawa yalikuwamo, vita kuanza kwa Wamatumbi mwaka 1905, Wangoni kujiunga, mpaka vita kwisha mwaka 1907. Yote hayo ni kweli, na alipata alama mbili kwa ishirini.

Nikamwambia aweke karatasi chini, aniambie kwa Kiswahili: kwa nini babu zetu walishindwa? Bwana wee! Akazishusha sababu huku akihesabu vidole. Wajerumani walikuwa na bunduki za rasharasha, wetu walikuwa na mikuki na magobori. Makabila hayakuinuka kwa wakati mmoja, wala hayakuwa chini ya amri moja. Maji hayakuzuia risasi, mioyo ikavunjika. Halafu mkoloni akachoma mashamba na maghala, njaa ikamalizia kazi. Kumbe jibu zima analo! Kilichomkosesha ni kineno cha herufi tatu, "for".

Maana "account" peke yake inaweza kuwa akaunti ya benki. "Account of" ni masimulizi ya jambo. "Account for" ni kutoa sababu zake. Binti aliombwa sababu, akatoa masimulizi. Hapo hata ungempa "flabbergasted" mia moja zisingemwokoa.

Jambo hili si geni kwetu. Mwambie mtoto wa darasa la pili kwamba jirani mmoja amehama Manzese na mwingine amehamia Manzese. Hatachanganya nani kaondoka na nani kaja, ingawa kinachotofautisha ni herufi moja tu. Sisi kiungo hicho kidogo tunakiweka tumboni mwa kitenzi. Mwingereza anakiacha nje, kinafuata nyuma kama mkia. Mwanafunzi akikariri kitenzi bila mkia wake, amebeba nusu ya neno.

Haya, tuseme sasa juu ya hayo maneno ya "juu" yanayotafutwa. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alitoa orodha ya maneno ya kitaaluma baada ya kuchambua maandishi ya vyuo vikuu yenye jumla ya maneno kama milioni tatu na nusu. Aliyaweka kando maneno ya kawaida kama 2,000 ambayo Michael West aliyaorodhesha mwaka 1953. Yaliyobaki, yenye kurudi tena na tena katika masomo mbalimbali, yalikuwa jamii 570 tu. Lakini hizo 570 hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma! Mle hamna maneno ya kutambia kijiweni. Wamo akina "factor", "significant", "establish" na "analyse". Ni maneno yasiyo na makeke, ila ukiyakosa kitabu cha jiografia kinafungwa usoni pako.

Nimesema jamii, sikusema maneno. Wanafunzi wangu walipoambiwa hivyo walikunja uso, mpaka nilipoandika ubaoni neno moja: soma. Nikawaachia chaki. Dakika moja haikupita ubao ulikuwa na msomaji, msomi, somo, usomaji, someka, somesha, somea. Hakuna aliyewakalisha chini kuwafundisha hayo saba. Wanajua shina na wanajua linavyochipua. Basi Kiingereza nacho kina mashina. Ukikutana na "analyse", usiondoke bila kuwasalimu ndugu zake "analysis", "analyst" na "analytical". Umelipa nauli ya mmoja, wamepanda wanne.

Jambo la pili ninalowaambia ni kwamba neno halitembei peke yake. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na katika yote hayo hakuna aliyeumia. Mgeni akija na kamusi yake akatuambia "piga" ni kuchapa, tutamwonea huruma. Ndivyo Mwingereza anavyotuonea sisi tunapochanganya "make" na "do". Kwake uamuzi ni wa "make", kazi ya nyumbani ni ya "do", picha ni ya "take". Mvua kubwa kwake ni "heavy", chai iliyokolea majani ni "strong". Ukivibadilishana utaeleweka, ila utasikika kama mtu aliyevaa koti la kaka yake.

Yupo mwalimu mmoja aliyelishughulikia tatizo hili mapema. A. S. Hornby alikuwa Mwingereza aliyefundisha Japani, akaona wanafunzi wanajua maana za maneno lakini hawajui kuyaunga. Yeye na wenzake wakatunga kamusi ya kuwaonyesha wanafunzi neno linavyotumika ndani ya sentensi. Ilitoka Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaichapa mwaka 1948, na mpaka leo vizazi vya kamusi hiyo viko mikononi mwa wanafunzi dunia nzima. Kwa hiyo ukifungua kamusi ya wanafunzi usisome maana ukafunga. Dhahabu iko kwenye mifano.

Jambo la tatu ni uzito. Hapa ndipo mimi mtunga hadithi ninapokaa mkao wa kula. Kufa, kufariki, kuaga dunia, kukata kamba: yote ni mauti. Lakini jaribu kusimama msibani uwatangazie watu kwamba mzee wetu mpendwa amekata kamba, uone kama utafika mwisho wa tangazo! Kiingereza nacho kina "die", kina "pass away", kina "kick the bucket". Orodha ya visawe itakupa matatu hayo kwenye mstari mmoja kana kwamba bei yao ni moja. Anayekujulisha lipi la msibani na lipi la kijiweni ni kitabu, yaani hadithi yenye watu wanaosema na kunyamaza.

Sasa mtu ataniuliza, vitabu vingapi, maneno mangapi? Paul Nation, naye wa New Zealand, mwaka 2006 alikadiria kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji jamii za maneno 8,000 hadi 9,000. Hapo utakuwa unayajua maneno 98 katika kila 100. Ukurasa wa maneno 300 utakuachia sita ya kubahatisha, na hayo unayavuka. Ukiyajua 90 tu katika 100, ukurasa huo huo unakuwekea vigingi 30, na hadithi imekufa. Ndiyo maana nawaambia waanze na kitabu chepesi wakimalize, badala ya kushika kizito cha kupigia picha. Chinua Achebe aliandika Things Fall Apart mwaka 1958 kwa sentensi fupi na maneno mengi ya kila siku, na dunia nzima ikamsikia.

Kuhusu kukariri: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua, na kwamba kurudia kwa kuacha nafasi hushinda kubugia kwa mkupuo. Kwa hiyo daftari letu la barazani lina safu tatu. Ya kwanza ni neno na mkia wake. Ya pili ni wenzake linaotembea nao. Ya tatu ni sentensi ya mwanafunzi mwenyewe kuhusu kitu cha kwao, iwe daladala, bomba la maji au dada yake. Linarudiwa kesho, linarudiwa baada ya wiki, linarudiwa baada ya mwezi. Maneno matano kwa siku, basi. Kwa mwaka ni 1,825, na hata nusu yake ikikimbia, si haba.

Washikaji huniuliza: "Wewe si unaandika Kiswahili? Kimombo cha nini?" Swali zuri. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kisha The Merchant of Venice mwaka 1969. Hiyo ya pili angeweza kuiita ya mfanyabiashara. Akaiita Mabepari wa Venisi, na neno moja likamwambia mtazamaji wa enzi za Azimio awatazame watu wale kwa jicho gani. Huwezi kufanya hivyo kama hujui neno la huku na la kule, pamoja na uzito wa kila moja. Na njia ni ya kwenda na kurudi: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akairudisha nyumbani kwa jina la Peponi.

Kwangu mimi ilikuwa hivi. Katika riwaya moja ya Kiingereza nilikutana na "reluctantly". Nikaitamani, kwa sababu kwenye mswada wangu kuna msichana anayekubali kuolewa bila kupenda, na nilikuwa nimekwama kwenye sentensi yake siku tatu. "Kwa kusitasita" halikutosha. Nikamsimulia Mama, yuko jikoni anachambua mchele. Hakuinua hata macho: "Huyo kakubali shingo upande." Nikaliona lile shingo! Neno la kigeni lilinionyesha pengo, na la kwetu ndilo lililoliziba.

Wenzangu wenye kalamu, msidhani haya ni ya walimu tu. Novemba ikifika wadogo zetu wataingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Wengi wao watakuwa na majibu kichwani kwa Kiswahili, na mlango wa kuyatolea ni wa Kiingereza. Kama mlango huo ungekuwa wa Kiswahili, huo ni mjadala mwingine, na mkiufungua nitakaa kwenye kiti cha mbele. Lakini mtoto wa mwaka huu hawezi kusubiri mjadala uishe. Sisi tunaoyapenda maneno tunaweza kumpa jioni mbili kwa wiki.

Kwa hiyo usiku wa leo, mwenye mdogo wake wa sekondari amuulize: "account for" ni nini? Akijibu benki, asimcheke. Asogeze kiti, wafungue daftari jipya, waanzie hapo.