Anayevutwa Ajue Kuachia

Sajini mmoja wa polisi, mkazi wa Nyamirambo mjini Kigali, alikuwa akirejea kutoka kazini jioni moja alipomwona mwanawe kwenye mwinuko unaotoka Nyabugogo. Kijana alikuwa juu ya baiskeli. Mkono mmoja umeshika usukani, wa pili umeng'ang'ania lori lililokuwa likipanda polepole. Moyo wa baba ulishtuka, lakini hakupiga kelele, kwa kuhofu kumgutusha mtoto akaanguka.

Nyumbani mama alitaka fimbo itumike. "Tule kwanza, Mama Yusufu," alijibu sajini. Baada ya chakula alikunja ndege mbili za karatasi, akaziunganisha kwa uzi.

Alimweleza Yusufu kwamba ile ya mbele ina injini, na ya nyuma haina. Huitwa glaida, nayo hupaa kwa kukokotwa kwa kamba. Kwa kuwa glaida ni nyepesi, huinuka kutoka ardhini kabla ya ile inayoivuta. Hapo ndipo penye hatari. Rubani wake akizidi kupanda, kamba huunyanyua mkia wa ndege ya mbele, pua yake ikaelekea chini; na karibu na ardhi hakuna nafasi ya kujiokoa. Kosa la anayevutwa humwua anayevuta.

Kwa sababu hiyo kila glaida ina kishikio cha njano cha kufungulia kamba, na rubani hukaa mkono ukiwa karibu nacho. Aliye mbele naye ana chake. Tena katika kamba huwekwa kiungo dhaifu kwa makusudi, ili kikatike mvuto ukizidi. Ikikatika chini chini, rubani hushusha pua na kutua mbele yake; wengi waliojaribu kugeuka warudi uwanjani wamepoteza maisha.

Sajini hakuwasahau askari. Usiku wa tarehe 5 Machi 1944, katika vita vya Burma, ambako mwaka huohuo askari wa Afrika Mashariki nao walipigana, kila ndege ya kukokota ilipewa glaida mbili zilizosheheni watu na zana, zivushwe juu ya milima. Kamba kadhaa zilikatika njiani, na baadhi ya glaida zikaangukia mahali pasipokusudiwa.

"Sasa niambie, mwanangu," aliuliza sajini, "yule dereva wa lori alijua kwamba anakuvuta?"

"La, baba."

"Akifunga breki ghafla, au akikata kona, nani atakupa ishara?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mama, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alisema kwa sauti ya chini: "Marubani wanaelewana, wana kamba na vya kuifungulia, na bado wanakufa. Wewe una vidole vyako tu."

Fimbo haikutumika. Kesho yake, watu wa Nyabugogo walimwona kijana akiusukuma mwinuko ule kwa miguu, baiskeli ubavuni na jasho likimtiririka, huku malori yakimpita. Alichelewa kufika, lakini alifika. Nyumbani, ndege mbili za karatasi zilibaki zimetundikwa juu ya mlango, uzi wake ungali kati yake.