Kutoka Nguzo hadi Mnara: Kumbukumbu za Mhandisi wa Simu Chamwino

Nilipoajiriwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania katika miaka ya 1980, nilipangiwa kazi Dodoma, na miongoni mwa njia za waya nilizokabidhiwa kuzitunza ilikuwamo ile ya mashariki iendayo Buigiri na Chamwino, mahali ambapo jina lake lilikwisha kuvuma nchini kote tangu zama za Operesheni Dodoma, Mwalimu Nyerere alipopiga kambi pale akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Simu zilikuwa chache mno, aghalabu za ofisi na misheni, nyingine zikiwa bado za kukoroga. Na mtu mwenye haja ya kusema na jamaa yake wa mbali hakuwa na budi kwenda posta, akaandikisha namba, akaketi kwenye benchi hata aitwe. Tulisumbuliwa na radi, na mchwa waliokula nguzo, na upepo wa kiangazi. Lakini kila waya niliokuwa nikiushika niliujua unakwenda kwa nani, na nilipokwisha kuutengeneza nilikwenda kumwamkia mwenyewe kwa Kigogo, "Mbukwenyi", nikamwomba apige, tuhakikishe kwamba sauti yafika.

Mwaka 1994 shirika letu liligawanywa, simu zikawa za TTCL na barua zikawa za Shirika la Posta, na mwaka huo huo Mobitel ikaanza kuuza simu za mkononi Dar es Salaam. Vodacom ikafuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Nami, baada ya kutafakari sana, nikajiunga na mojawapo ya kampuni hizo mpya.

Watu hudhani kwamba mhandisi wa kampuni ya teknolojia hushinda mbele ya kompyuta katika chumba chenye ubaridi. Mimi kompyuta yangu ilijaa vumbi la Ugogo. Uwanda huu wa juu, wenye vilima vya mawe vilivyosimama mbalimbali, ni sahali kwa mawimbi, kwani mnara uliowekwa juu ya kilima huonana na mwenzake wa mbali bila ya kizuizi. Ila taabu yake ni nishati. Umeme wa gridi haukufika katika vijiji vingi, basi kila saiti ilipewa jenereta mbili za kupokezana, na jenereta hunywa mafuta usiku na mchana, na mafuta hayo hayana budi kupelekwa na gari, na gari, zikisha kunyesha mvua za Desemba, huzama katika udongo mweusi wa mbugani ama huzuiliwa na korongo ambalo juzi lilikuwa mchanga mkavu. Kiangazi nacho kina yake: vumbi huziba vichujio vya hewa, na joto hufupisha umri wa betri kiasi kwamba zile zilizotazamiwa kudumu miaka mingi hufa mapema. Elimu niliyoitumia zaidi haikuwa ile ya mawimbi, ilikuwa ya mafuta, joto na njia.

Elimu nyingine ilikuwa ya watu. Kabla ya kusimamisha mnara tulikaa barazani na wazee, na mzee mmoja aliniuliza kwa utulivu, "Mwanangu, chuma hiki chenu hakitaifukuza mvua?" Nikamjibu, "Babu, mvua yetu huletwa na pepo kutoka baharini, na mnara huu ni mfupi kuliko kilima kile." Akatazama kilima, akaridhika, akaniagiza nirudi kila mara nimweleze tunalolifanya. Nilirudi. Katika nchi ambayo mvua ikikosekana mtama na uwele hukauka na njaa ikaingia, swali lile lilistahili jibu la taadhima.

Kisha mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na uzito wa kazi ukabadilika. Zamani mnara ukizimika watu walikosa maongezi. Sasa ukizimika mama aliyeuza karanga zake hawezi kuipata fedha yake, wala mzazi hawezi kumtumia mwanawe aliye shule. Ndipo nilipoona kwamba pipa la mafuta lililochelewa njiani ni chakula kilichochelewa nyumbani kwa mtu. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa kuelekea mikoani, na kasi ya intaneti ambayo hatukuiota ikapanda mpaka uwanda huu.

Lakini kadiri mitambo ilivyoimarika, ndivyo mhandisi alivyozidi kuwa mbali. Kampuni za simu ziliuza minara yao kwa kampuni za minara, kama Vodacom ilivyoiuzia Helios Towers mwaka 2013, na kazi iliyokuwa ya mtu mmoja ikagawanywa: huyu mawimbi, yule mafuta, mwingine ulinzi. Ishara ya hitilafu huonekana kwanza kwenye skrini Dar es Salaam, mbele ya kijana hodari, labda mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye kwake Itiso na Mpwayungu ni majina tu yenye alama nyekundu. Simkosoi, anajua mengi nisiyoyajua, na umeme wa vijijini na wa jua umempunguzia adha tulizozistahamili. Hata hivyo skrini haimwambii kwamba daraja limekatika, wala kwamba leo ni siku ya mnada na fedha nyingi zinangoja.

Chamwino yenyewe imebadilika: Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Ikulu mpya ikazinduliwa hapa mwaka 2023. Mawimbi pembezoni mwa Ikulu hayatakosa mtunzaji. Nawahofia walio mbali na barabara kuu, ambao faida yao kwa kampuni ni ndogo, na ambao kwa ajili yao Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Nawaomba wakuu wa kampuni zetu za simu wampeleke kila mhandisi mpya akae kijijini masika moja na kiangazi kimoja, kabla ya kumkabidhi skrini.