Jukwaa Tulilolifanya Stoo ya Madesa

Wanachuo wenzangu, tukisema chuo chetu kinafundisha kwa teknolojia, tunamaanisha nini hasa? Kwa wengi wetu ni hivi: lekchara anapandisha PDF ya kurasa 60 kwenye Moodle, ujumbe unaingia kwenye grupu la WhatsApp, tunapakua, tunatoa kopi, tunaenda vimbwetani kupiga msuli. Madesa ni yaleyale ya kaka na dada zetu, ila haya yamepitia kwenye intaneti kabla ya kufika stesheneri.

Nasoma ualimu, kwa hiyo jambo hili linanigusa mara mbili: leo kama mwanafunzi, kesho kama mwalimu.

Moodle haikutengenezwa iwe stoo. Martin Dougiamas wa Australia, aliyeitoa mwaka 2002, aliijenga juu ya wazo kwamba mtu hujifunza vizuri anapotengeneza kitu ambacho wenzake watakiona na kukijadili. Ndiyo maana ndani yake kuna jukwaa la majadiliano, na kuna jaribio linaloweza kukuonyesha palepale ulipokosea. Tena ni programu huria, haina ada ya leseni. Tumepewa vyote hivyo, sisi tukachagua kitufe kimoja tu: pakua.

Mwaka jana tulipata lekchara mmoja aliyetumia vitufe vingine. Kila Ijumaa aliweka swali moja jukwaani, kwa mfano: mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma, utaanzia wapi? Huoni majibu ya wenzako mpaka uandike lako. Jumatatu anatujibu kwa sauti ya dakika kumi hivi kwenye WhatsApp, faili lisilofika hata MB 5. Dada mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake ukumbini tangu mwaka wa kwanza aliandika aya mbili kuhusu mdogo wake aliyechelewa kusoma. Wiki nzima tulibishana juu ya aya zile. Ukumbi wa watu mia tatu usingempa nafasi hiyo.

Ila teknolojia hiyohiyo inaumiza ikipangwa vibaya. Geto letu liko Lemara, tunaishi watatu. Muhula uliopita kozi nyingine iliweka testi ya mtandaoni saa 2 usiku, dakika 30, unaingia mara moja tu. Umeme ukakatika mtaa mzima, mtandao ukayumba, mwenzetu akatupwa nje akiwa swali la tisa. Alikwenda ofisini mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile: mfumo unaonyesha ulishajaribu. Akaishia kusapu kozi ambayo yeye ndiye alikuwa anatufundisha sisi geto. Na sapu kwa mtu anayetegemea bum si alama tu, ni kodi ya chumba na chakula cha likizo ambayo hakuipangia.

Kinachouma zaidi ni kwamba Moodle inamruhusu mwalimu kumfungulia mwanafunzi mmoja jaribio upya. Ni kazi ya dakika chache. Kwa hiyo pale hakukosekana mtambo, alikosekana mtu wa kuamua.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kilianza na makabrasha yaliyochapwa na vituo vya mikoani, kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa mbali na darasa. Kilianza kwa kuuliza mwanafunzi yuko wapi. Sisi tuulize hivyo pia: ana simu gani, bando kiasi gani, umeme unakatika saa ngapi?

Naomba mambo matatu. Testi ya mtandaoni ifunguliwe kwa saa 24, hata kama ukishaingia unapewa dakika 30, na anayetupwa nje afunguliwe upya. Kipindi cha video, ambacho kwa saa moja kinaweza kula zaidi ya MB 500, kiambatane na sauti au maandishi. Na kila kozi iwe na swali moja la jukwaani kwa wiki.

Tukipangiwa shule, wengi tutafundisha kama tulivyofundishwa. Serikali ya wanafunzi iyapeleke haya kwenye kikao cha taaluma kabla ratiba ya testi za muhula ujao haijatoka.