KWA MTAHINIWA AMBAYE HAKUJA KANISANI JUMAPILI



Leo naomba wazee, akina mama na washirika wote mnivumilie kidogo. Neno la leo namwandikia kijana mmoja, na mwenyewe anajijua. Mwanangu, matokeo ya KCSE yalitangazwa Alhamisi tarehe 9 Januari, na tangu siku hiyo simu yako haipatikani. Kama unasoma haya ukiwa umejifungia chumbani, au umekimbilia kwa shosho ili usiulizwe maswali, soma mpaka mwisho. Sitakukaripia. Wazazi nanyi msome, maana kuna mahali nitawageukia.

Unakumbuka mwezi wa kumi? Tuliwaita mbele ya madhabahu watahiniwa 14 wa kanisa letu. Mlikuja na kalamu zenu mikononi, wengine na kadi za kuwatakia heri. Tukawawekea mikono. Kanisa lote likanyoosha mikono na kuomba kwa sauti, akina mama wakatokwa na machozi. Jumapili iliyopita nilitazama upande wa vijana nikawahesabu: sita. Watatu walitoa ushuhuda, na wazazi wao wakacheza hadi mbele. Tulifurahi pamoja nao na ilikuwa haki, maana vijana hao walisoma. Lakini nilirudi nyumbani nikiwawaza wale wanane.

Jioni hiyo mama mmoja alinipigia. Binti yake alikuwa amemuuliza swali na mama akakosa jibu: "Kama tuliombewa siku moja, mahali pamoja, mbona Mungu aliwasikia wengine akaniacha mimi?"

Mwanangu, nadhani hilo ndilo swali linalokufungia chumbani. Aibu ipo, lakini aibu huisha. Kinachouma zaidi ni wazo kwamba uliombewa ukapata D, na kwa hivyo ama Mungu hakusikia, ama kuna kitu kwako asichokipenda. Nataka tulijibu swali hilo kwa Neno, halafu tuongee kuhusu Jumatatu asubuhi.

1. YUPO ALIYEOMBEWA NA YESU MWENYEWE, NA BADO AKAANGUKA

Fungua Luka 22. Usiku ule kabla ya kusulubiwa, Yesu anamwambia Simoni Petro kwamba Shetani amewataka wao wapepetwe kama ngano, na kwamba Yeye amemwombea. Hebu tulia hapo. Petro hakuombewa na mchungaji wala na nabii mgeni wa kongamano. Aliombewa na Mwana wa Mungu, kwa jina lake. Na kabla jogoo hajawika, Petro alikuwa amemkana mara tatu mbele ya watu waliokuwa wakiota moto.

Je, ombi la Yesu lilianguka chini? Angalia aliomba nini. Aliomba imani ya Petro isiishe. Halafu akampa kazi ya kufanya baadaye, akisharudi: awaimarishe ndugu zake. Yesu alizungumza habari za kurudi kabla Petro hajaenda popote. Alijua usiku utakavyokuwa, na bado alikuwa na mpango na asubuhi.

Nisieleweke vibaya. Petro alimkana Bwana wake, na hiyo ilikuwa dhambi. Kupata D si dhambi. Lakini kama mtu aliyetenda dhambi usiku ule hakutupwa, wewe uliyefanya karatasi za Hisabati na Kemia ukashindwa utatupwaje? Na baada ya ufufuo, katika Marko 16, malaika anawatuma wanawake kwa wanafunzi na anamtaja Petro kwa jina lake. Aliyekuwa na sababu ya kujificha ndiye aliyetafutwa kwa jina.

Kwa hivyo ombi la mwezi wa kumi bado liko kazini. Tulimwomba Mungu akupe akili tulivu, akulinde barabarani, akuepushe na wale wanaouza karatasi za wizi, na akushike. Ulimaliza mtihani salama. Hukununua karatasi. Na lile la kukushika, analifanya hata sasa unaposoma haya.

2. GREDI NI KWELI, NA UKWELI WAKE UNA MIPAKA

Sisi Wapentekoste tunapenda kukiri kwa kinywa, na ni vizuri. Lakini usikiri kwamba D ni A. Imeandikwa D, basi ni D. Ukiona kweli kuna makosa, mwende na mzazi kwa mwalimu mkuu, aombe KNEC karatasi zitazamwe upya. Kama hakuna makosa, tuikubali na tuulize inasema nini.

Inasema jinsi ulivyojibu maswali ya masomo yako mwezi ule wa mtihani. Inasema pia ni mlango upi uko wazi mwaka huu. Haisemi utaoa au utaolewa na nani, haisemi una akili za aina gani za biashara, wala haisemi kama una wito. Ukisoma ile orodha ya Paulo katika Warumi 8 ya mambo yasiyoweza kututenga na upendo wa Mungu, ni orodha ndefu na nzito. KNEC naamini nayo imo humo, kwenye kiumbe kingine chochote.

Sasa hesabu. Watahiniwa wa KCSE ya 2024 walikuwa 962,512. Waliopata A ni 1,693. Waliopata C+ kwenda juu, yaani gredi ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu kusomea digrii, ni 246,391. Toa hapo uone: zaidi ya vijana 716,000 wako chini ya mstari huo. Ni karibu watatu katika kila wanne. Unajiona uko peke yako chumbani, kumbe ninyi ndio wengi.

Na wengi hawa hawajafungiwa nje. KUCCPS, ile idara inayowapanga wanafunzi vyuoni, haiwapangi wa digrii tu. Ukiwa na C- unaweza kuomba diploma. Ukiwa na D unaweza kuomba kozi ya cheti. Ukiwa na D- au E kuna kozi za ufundi za ngazi ya kwanza. Kila kozi ina masharti yake ya masomo, kwa hivyo angalia pia gredi ya kila somo, usiangalie ile ya jumla peke yake. Na ngazi hupandwa: wa cheti huendelea hadi diploma, wa diploma huendelea hadi digrii. Itachukua miaka mingi kuliko ya mwenzako. Miaka hiyo itapita hata ukikaa kitandani.

Unaweza pia kurudia mtihani. Sikukatazi. Lakini kabla hamjalipa, mkae chini na mwalimu anayekujua na mjiulize kilichotokea. Kama ulikuwa mgonjwa, au ulikosa nusu ya muhula kwa sababu ya karo, kurudia kunaweza kusaidia. Kama unarudia tu ili baba asione haya mbele ya ndugu zake, hiyo si sababu ya kutosha.

3. MSIDHARAU ALICHOJAZWA BEZALELI

Kuna wazazi wanaosema neno "chuo cha ufundi" kwa sauti ya chini, kana kwamba wanataja ugonjwa. Naomba msome Kutoka 31. Mungu anamwita Musa na kumtajia mtu kwa jina, Bezaleli wa kabila la Yuda, na kusema kwamba amemjaza Roho wake. Amjaze Roho ili afanye nini? Afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe, achonge mbao. Anampa na msaidizi, Oholiabu. Sura ya 35 inaongeza kwamba wawili hao walipewa pia uwezo wa kuwafundisha wengine kazi.

Sisi tunaojiita watu wa Roho tusome hapo polepole. Hema ambalo utukufu wa Mungu ulikuja kukaa lilijengwa na fundi aliyejazwa Roho kwa ajili ya ufundi wake. Sasa kijana akienda kusomea uchomeleaji, umeme, upishi, ushonaji au mabomba, tumwombee kwa bidii ileile tunayomwombea anayeenda kusomea udaktari. Ukuta wa kanisa hili ulijengwa na waashi. Nyaya za spika unazosikilizia mahubiri zilivutwa na mtu aliyesomea kazi hiyo.

4. MZAZI, SASA NI ZAMU YAKO

Baba, najua uliuza ng'ombe. Mama, najua mkopo wa chama bado hujaumaliza. Uchungu wako ni wa haki na Mungu anauona. Lakini mlete kwake Mungu uchungu huo, au uje ofisini kwangu tuulie pamoja. Usimmwagie mtoto mezani. Neno kama "umenipotezea pesa zangu" husemwa kwa sekunde tatu, na mtoto hulibeba miaka thelathini. Na mtoto wa jirani aliyepata B+ mwache kwao. Hakuja duniani kuwa fimbo ya kumchapia wako.

Binti aliyepata gredi ya chini asigeuzwe mjakazi wa bure wa shangazi mjini, wala asiharakishwe kuolewa ili mdomo mmoja upungue. Naye ana mlango wake. Mtafutieni.

Jihadharini na matapeli. Msimu huu watapiga simu wakisema wanaweza "kurekebisha" gredi, au wana nafasi ya chuo ukituma pesa leo. Hakuna kitu kama hicho. Kabla ya kulipa chuo chochote cha ufundi, hakikisheni kimesajiliwa na TVETA. Na cheti kitakapotoka, shule hairuhusiwi kisheria kukizuia kwa sababu ya deni la karo. Nendeni mkaongee kwa heshima, mpange jinsi ya kulipa, lakini cheti cha mtoto kidaini.

Jambo moja zito zaidi. Kila mwaka msimu kama huu tunasikia habari za watoto waliokata tamaa ya kuishi. Ukiona mtoto hali, halali, anagawa vitu vyake, au anasema mngekuwa afadhali bila yeye, usimwache peke yake hata usiku mmoja. Usiseme ni pepo tu halafu ukarudi kulala. Omba, na ukae naye, na umpeleke hospitalini au kwa mshauri. Msalaba Mwekundu wana nambari ya simu ya bure, 1199. Mimi pia nipigieni saa yoyote. Kumpeleka mtoto kwa daktari si kukosa imani.

5. WEWE ULIYEPATA ULICHOTAFUTA

Hongera, mwanangu. Furahi bila hofu. Nakuomba kitu kimoja: wiki hii mtembelee mmoja wa wale mliopiga magoti naye pale mbele. Usiende kumpa mawaidha. Nenda mpige stori kama zamani, mcheze mpira, umsaidie mama yake kuteka maji. Usitaje gredi mpaka yeye aitaje.

KANISA LITAFANYA NINI

Jumamosi hii saa nane mchana watahiniwa wote 14 mnakaribishwa kanisani. Walimu walio washirika wetu watakuwepo, na pia ndugu yetu anayefundisha chuo cha ufundi. Leta karatasi ya matokeo yako. Tutakaa na kila mmoja kando, tuone masomo yake na kozi zinazomfaa, ili KUCCPS ikifungua mtandao wake asijaze fomu kwa kubahatisha. Wasio na simu ya intaneti, vijana wetu watawasaidia. Chai itakuwepo.

Washirika, mkikutana na kijana njiani msimuulize "ulipata ngapi?" Muulizeni anaendeleaje, na anafikiria kufanya nini. Halafu msikilize jibu.

Jumapili ijayo hatutaita wa A peke yao. Tutamshukuru Mungu kwa wote 14, kwa sababu ya miaka minne, kwa sababu walifika kidato cha nne na wakamaliza. Mwenye A na mwenye E watasimama mstari mmoja, na tutawawekea mikono tena kwa ajili ya hatua inayofuata.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, unamjua huyu anayesoma sasa hivi. Unalijua jina lake na unaijua nambari yake ya mtihani. Asante kwa sababu uliyemsikia mwezi wa kumi hukubadilika mwezi wa kwanza. Imani yake isiishe. Uondoe sauti inayomwambia kwamba umemkataa. Mpe nguvu za kuamka, kuoga, kula na kutoka nje. Umfungulie mlango ulio wake na umpe miguu ya kuuingia. Watie wazazi wake maneno mema kinywani. Na akisharudi, umtumie kuwaimarisha wengine. Amina.

Kama unamjua kijana ambaye simu yake imezimwa, usimtumie ujumbe huu peke yake. Nenda kwao, ubishe hodi, umsomee.

Mchungaji wenu, anayewapenda katika Bwana.