Mafundi Waliokula Kiapo

Mtaani kwetu Kibaha walimwita Afande, na sidhani kama vijana wengi waliwahi kulijua jina lake. Alikuwa mhandisi wa jeshi. Alistaafu, kiinua mgongo akakimalizia kwenye nyumba ya kawaida tu, na miaka yote aliyoishi nasi hakutueleza huko kazini alikuwa akitengeneza nini. Ukimuuliza anakwambia, "Vyuma tu, ndugu yangu." Msibani kwake kila aliyesimama kusema alisimulia pampu ya kisima, madawati ya shule na taa za zahanati. Kazi yake ya ajira hakuna aliyeigusa, maana hakuna aliyeijua.

Kizazi chake ndicho changu pia, kwa hiyo nitasema bila kupaka rangi. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Mwalimu Nyerere akalivunja lile jeshi tulilorithi kwa mkoloni, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa. Jeshi jipya lilitaka watu wenye hesabu kichwani, nao walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Wengine walifundishwa na Wakanada waliokuwa hapa nchini hadi 1970, wengine na Wachina, wengine wakavushwa bahari. Kitivo cha Uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuja kufunguliwa 1973. Ukishangaa kwa nini wazee hawa waliihesabu elimu yao kuwa mali ya watu wengine, anzia hapo: kijana mmoja alitoka kijijini akasomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba na wakata mkonge, na kila aliporudi likizo alikuta wanamsubiri barazani.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Kujitolea kwetu kwa ajili ya wengine hakukuwa hiari siku zote. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la lazima, Mwalimu aliwatimua karibu 400, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wetu tulijifunza kujitolea kwa kuamrishwa, na amri ilipokoma nasi tukakoma. Afande hakukoma.

Ikaja vita ya Kagera. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalilipua daraja la Kyaka, na ghafla watu wa mizinga wakawa hawana la kufanya mpaka watu wa spana wamalize kazi yao. Wahandisi walitandika daraja la muda, jeshi likavuka mto, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwetu. Makamanda tunawajua kwa majina. Waliofunga bolti za daraja lile, nani anawataja?

Baada ya vita nchi ilibaki na mifuko mitupu. Fedha za kigeni zikawa adimu, malori yakalala juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Ndipo hapa Kibaha, kwenye mradi wa Nyumbu, wahandisi wa jeshi wakajaribu kuunda lori la Kitanzania, wakati kiwanda cha jeshi cha Mzinga kule Morogoro kilikwisha kuwapo tangu miaka ya 1970. Wahasibu hunikejeli ninapoutetea mradi ule, na wana hoja: malori ya Nyumbu hayakujaa barabarani. Lakini mtu aliyewahi kukereza gia yake mwenyewe kutoka kwenye kipande cha chuma haogopi tena mashine yoyote, na mtu wa namna hiyo akistaafu haachi kuona kilichoharibika.

Pampu ya mkono ya kisima chetu ilikuwa ikifa kila kiangazi, na kamati ya maji ilikwisha kuanza kuchangisha fedha za kununua mpya. Afande alikuja na kandambili zake, akaifungua, akatoa kipande cha ngozi kilicholika kama mkate wa jana. Alikipima kwa kipimio chake cha chuma, akaandika kwenye daftari la shule. Kisha akakata ngozi nene, akailoweka kwenye mafuta usiku kucha, akaibana ndani ya kalibu ya mbao aliyoichonga mwenyewe mpaka ikashika umbo la kikombe. Maji yakapanda. Kiangazi kilichofuata pampu ilipogoma tena, alikataa kuigusa. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamwelekeza mweka hazina wa kamati, mama muuza maandazi: "Legeza kwanza hiyo ya juu, mama. Usiilazimishe." Mama yule ndiye fundi wa kisima hadi leo.

Hapo ndipo alipowazidi wenzake. Kizazi chetu cha mafundi kilikula kiapo cha kutunza siri, na siri za jeshi zilistahili kutunzwa. Kosa ni kwamba ukimya ulizidi mipaka, ukafunika hata yasiyokuwa siri: namna ya kukaza makali ya patasi, kunyoosha shafti iliyopinda, kuchagua mchanga wa kumiminia chuma. Tumeyazika mengi ya hayo pamoja na wenyewe. Halafu nawasikia wazee wenzangu kwenye kahawa wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu! Pita gereji za Gerezani, Dar es Salaam, uone wanavyofufua injini kwa vyuma chakavu. Hao wamejifunza kwa kuungua vidole, maana hakuna aliyewakabidhi daftari.

Kama nyumbani kwenu yupo mstaafu wa Nyumbu, wa Mzinga, wa reli ya TAZARA au wa kiwanda kilichofungwa, msimuulize habari za silaha. Hatasema, na ana haki. Muulizeni yale ya mikono, mwaka huu, na muandike. Madaftari ya Afande familia imeruhusu yanakiliwe. Yako kwa katibu wa kamati ya maji, na anayetaka nakala analipia karatasi tu.